Waeseni: soma kanuni zao kabla hujasambaza ujumbe

Maswali kuhusu Waeseni, kundi la kidini la Wayahudi wa zama za Yesu, yameongezeka katika kitengo chetu cha hati za kale, na karibu yote yanatokana na ujumbe unaozunguka kwenye simu: kwamba Yesu alilelewa nao na magombo ya Qumran, yaani hati za kale zilizopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, yamethibitisha. Hayajathibitisha. Magombo hayamtaji Yesu hata mara moja, na Agano Jipya haliwataji Waeseni. Tumelieleza hili mara nyingi.

Philo na Josephus, waandishi Wayahudi wa karne ya kwanza, wanasema Waeseni walizidi 4,000. Waliamini kuwa roho haifi na kwamba mambo yote yamo mikononi mwa Mungu. Plinius, mwandishi Mroma, anawataja magharibi mwa Bahari ya Chumvi, bila wake wala fedha. Josephus lakini anataja kundi jingine la Waeseni waliooa, kwa hiyo tusiseme wote walikuwa watawa.

Kujiunga kulikuwa na hatua. Mwombaji alikaa nje mwaka 1, akipewa kishoka, nguo ya kiunoni na vazi jeupe. Akifaulu, aliruhusiwa kwenye maji safi zaidi ya kujitakasa, lakini si mezani. Alijaribiwa miaka 2 mingine. Ndipo akaapa viapo vizito, na baada ya hapo tu akala pamoja nao.

Adhabu zimo katika Kanuni ya Jumuiya, gombo la Qumran linalodhaniwa kuwa lao, lililopatikana mwaka 1947. Aliyedanganya kuhusu mali yake alitengwa na chakula kitakatifu mwaka 1 na kukatwa robo ya mgao wake. Kusinzia kikaoni, adhabu ya siku 30. Kutema mate kikaoni, siku 30. Kucheka ovyo kwa sauti, siku 30 vilevile. Kumkatiza mwenzako akizungumza, siku 10. Kumsengenya mwenzako, mwaka 1. Kuisengenya jumuiya, kufukuzwa bila kurudi. Josephus anasimulia kuwa Waeseni waliofukuzwa bado walifungwa na viapo, hawakuthubutu kula chakula cha watu wengine, wakaishia kula majani. Wengi walirudishwa kwa huruma wakiwa hoi kabisa.

Wataalamu wengi wanaona watu wa Qumran walikuwa Waeseni, ila jina hilo halimo ndani ya magombo, hivyo sisi husema “yaelekea”. Ukiletewa nukuu, tafadhali dai namba ya hati. Kanuni ya Jumuiya ni 1QS: 1 ni namba ya pango, Q ni Qumran, S ni Serekh, yaani “kanuni” kwa Kiebrania. Nukuu isiyo na namba usiisambaze.