Ndugu yenu anaumwa akili na ameshtakiwa kwa kumdhuru mtu: maswali na majibu

Ni ugonjwa uliomfanya adhuru mtu?

Inawezekana, lakini cheti cha hospitali peke yake hakijibu swali hilo. Wengi wenye maradhi ya akili hawamgusi mtu. Hatari hupanda pale saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti zisizokuwepo au kushikilia imani isiyo ya kweli bila kutikisika, inapokaa bila tiba, hasa ikichanganyika na pombe au dawa za kulevya. Na anayedhurika mara nyingi ni mtu wa karibu: mzazi, mke, au ndugu anayemhudumia.

Mahakama inataka kujua nini hasa?

Mambo mawili, na familia nyingi huyachanganya.

La kwanza ni hali ya akili yake wakati wa tukio. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza hutumia kipimo kilichotokana na kesi ya Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, jijini London mwaka 1843. Alionekana hana hatia kwa sababu ya wendawazimu, watu wakachachamaa, na majaji wakatakiwa kueleza sheria inasemaje. Walijibu kuwa utetezi lazima uthibitishe kwamba, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, mshtakiwa hakujua anafanya nini, au alijua lakini hakujua kwamba ni kosa.

Ndiyo maana mambo madogo ya siku ile huwa na uzito kuliko jina la ugonjwa. Chukua watu wawili wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta saikosisi, kila mmoja amemchoma kisu baba yake akiamini ni adui aliyevaa sura ya baba. Mmoja ameosha kisu, akabadili shati na kukimbia. Mwingine ameketi pale pale, kisu mkononi, akiwaita majirani waje waone adui amekwisha. Mwendesha mashtaka atasema wa kwanza alijua ni kosa, ingawa hata mgonjwa anaweza kukimbia kwa kuwaogopa maadui anaowaona yeye tu. Kwa wa pili, wakili ana pa kuanzia.

La pili ni hali yake leo: je, anaelewa mashtaka, anaweza kumweleza wakili wake mambo, anafuatilia kinachosemwa? Akishindwa, kesi husimama kwanza apate tiba. Mtu anaweza kuwa mgonjwa siku ya tukio na mzima siku ya kesi, au kinyume chake.

Kulewa kwa hiari, kwa kawaida, si utetezi wa wendawazimu.

Utetezi ukikubaliwa, anarudi nyumbani?

Mara chache sana. Kwa kawaida hupelekwa hospitali yenye ulinzi, mara nyingi bila tarehe ya kutoka. John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan wa Marekani mwaka 1981, alionekana hana hatia kwa sababu ya wendawazimu mwaka 1982. Aliruhusiwa kwenda kuishi nje ya hospitali mwaka 2016, na masharti ya mahakama yakaondolewa mwaka 2022. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia hii, mwulizeni wakili: atakaa wapi, nani atapitia hali yake, na kila baada ya muda gani?

Amekamatwa jana. Tuanzie wapi?

Anzeni na dawa zake, leo hii. Chukueni vifurushi vyenyewe, msitegemee kumbukumbu. Andikeni jina la dawa, miligramu, saa za kumeza, na siku ya mwisho mnayojua kwa hakika kwamba alimeza. Hesabuni vidonge vilivyobaki. Nakala moja iende kwa mhudumu wa afya wa mahabusu, moja kwa wakili, na moja ibaki kwenu.

Haraka hiyo ina sababu. Anayetumia klozapini, dawa ya saikosisi, akikosa dozi kwa zaidi ya saa 48 harudishiwi dozi yake ya zamani; huanzishwa upya kwa miligramu 12.5, kwani dozi kubwa ya ghafla inaweza kushusha presha na kumwangusha. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, akikosa maji au akitapika sana, dawa inaweza kupanda katika damu hadi kuwa sumu: mikono hutetemeka, anayumba, maneno yanakuwa mazito. Mnywaji wa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege au kuweweseka ndani ya siku chache.

Pia semeni wazi kama amewahi kujaribu kujiua. Siku za mwanzo mahabusu ni za hatari.

Kisha tengenezeni orodha ya matukio: lini alianza kutolala, lini aliacha dawa, nani alimpeleka hospitali, mliomba msaada wapi. Tunzeni ujumbe wa simu na sauti alizorekodi. Msisafishe mahali pa tukio wala kufuta kitu. Mbali na kuwa kosa, mnaweza kufuta ushahidi ambao ungemsaidia. Na msizungumzie tukio naye kwa simu ya gerezani, maana simu hizo mara nyingi hurekodiwa.

Tumwelekeze la kumwambia daktari?

Hapana. Daktari aliyeteuliwa kumpima kwa ajili ya kesi si daktari wake wa tiba. Anachoambiwa kinaweza kufika mbele ya hakimu. Madaktari hawa hulinganisha maneno ya mshtakiwa na rekodi za zamani, mashahidi na tabia yake wodini. Dalili za kufundishwa huwa nyingi mno na hazifuatani, na uongo mmoja ukigundulika, hata ugonjwa wa kweli hautaaminiwa. Mwambieni asikilize ushauri wa wakili wake kwanza, halafu aseme kweli. Nanyi mkiulizwa, semeni mlichoona: "alikaa siku nne bila kulala" kina nguvu kuliko "alikuwa kichaa".

Aliyeuawa ni mama yetu, aliyemuua ni kaka yetu. Tusimame upande gani?

Hakuna anayeweza kuwalazimisha mpende mmoja tu. Dada anayekwenda kumwona kaka gerezani hajamsaliti mama, na asiyeweza kwenda asisukumwe. Gawaneni kazi: mmoja ashughulike na wakili na dawa, mwingine asimamie mazishi na watoto, na wasilazimike kuyajadili mezani kila jioni. Wakili wa mshtakiwa ni wa mshtakiwa, si wa familia. Anayetarajiwa kutoa ushahidi anaweza kuhitaji ushauri wa wakili mwingine.

Jiandaeni pia kwa siku dawa zitakapofanya kazi, mara nyingi baada ya wiki kadhaa. Sauti zikinyamaza, ndipo anapoelewa amemuua nani. Madaktari wanaweza kuandika kwamba anaendelea vizuri, kumbe ndiyo wiki ya kuomba awekwe chini ya uangalizi wa karibu asijiue. Akiuliza, "Mama yuko wapi?" msimdanganye, ila pangeni na wauguzi mapema nani atajibu, na nani atabaki naye baada ya jibu hilo.