Kwa nini dopa hugeuka rangi ya chungwa? Maswali na majibu

Rangi ya ngozi hutoka wapi?
Huanzia kwenye tirosini, asidi amino tunayoipata kwenye maharage, samaki na maziwa. Kimeng'enya kiitwacho tirosinesi huipachika oksijeni ikawa dopa, kisha huioksidisha dopa hiyo, yaani huipokonya hidrojeni. Mwisho wa safari ni melanini, weusi wa ngozi, nywele na macho. Ukimenya kiazi ukakisahau mezani kikaingia weusi, umeshaona kazi ya ndugu yake kimeng'enya hiki.

Kasi ya kimeng'enya hiki hupimwaje maabarani?
Hapa ndipo penye utamu. Mara nyingi hutumika tirosinesi ya uyoga mweupe wa kawaida, Agaricus bisporus, maana hupatikana kwa urahisi. Dopa huyeyushwa kwenye bafa, yaani kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kisiyumbe, yenye pH (kipimo cha asidi) ya karibu 6.8, kichupa huonekana kama kina maji matupu. Tia kimeng'enya kidogo tu, na baada ya muda mfupi rangi ya chungwa inaanza kuingia, ikikolea kuelekea wekundu. Hiyo ni dopakromu, zao la dopa iliyooksidishwa. Spektrofotomita hupitisha mwanga wa nanomita 475 na kusoma ni kiasi gani kimemezwa. Unachora mstari wa namba hizo kadiri muda unavyokwenda, na kasi ya kimeng'enya unaisoma pale mwanzoni, kabla dopa haijapungua na mstari kuanza kulala.

Kichupa cha pili kisichotiwa kimeng'enya ni cha lazima, kwa sababu dopa huoksidishwa hata na hewa, hasa pH ikipanda. Wanafunzi wengi hukiruka, halafu wanashangaa majibu yao. Na dopa ya jana iliyokwisha kubadilika rangi, mwaga.

Ndiyo dopa ya wagonjwa wa Parkinson?
Ndiyo, ileile iliyomo kwenye dawa yao, levodopa. Ila kwenye ubongo kimeng'enya kingine huigeuza kuwa dopamini.

Hii inahusianaje na ualbino?
Zamani walikuwa wanang'oa unywele na shina lake, wanaulowesha kwenye dopa. Shina likiingia weusi, tirosinesi ipo na inafanya kazi. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika, Tanzania ikiwemo, ni OCA2, yaani aina ya pili ya ualbino wa ngozi na macho, na humo kimeng'enya kipo. Hitilafu iko kwenye protini nyingine, ile inayotunza hali ya vifuko vinamotengenezewa melanini. Siku hizi, kujua aina ya ualbino, husomwa vinasaba.

Krimu ya kung'arisha ngozi imeandikwa "imethibitishwa maabarani kuzuia tirosinesi". Niiamini?
Uliza kwanza: tirosinesi ya nani? Asidi ya koji, kiungo cha baadhi ya krimu hizo, huikamata vizuri ile ya uyoga, kwa kung'ang'ania madini ya shaba yaliyo ndani yake, lakini ya binadamu haiizuii kwa nguvu hiyo. Tena kichupa hakina figo. Baadhi ya mikorogo ina zebaki, nayo hupenya ngozi na kuziumiza figo. Kama umejipaka kwa miezi kadhaa, acha, nenda hospitali na kopo lako mkononi, uombe wakupime mkojo.