Ndege ya New York: tani za Nairobi na mshirika wa kuzijaza

Kabla shirika la ndege halijatangaza safari mpya ya kimataifa, wapangaji wake hukaa na swali moja kwa miezi: kutoka uwanja huu, saa hii, ndege hii itanyanyuka na tani ngapi za kulipiwa? Idadi ya viti huja baadaye.

Tuchukue Nairobi hadi New York, safari ambayo Kenya Airways iliianza Oktoba 28, 2018 kwa Boeing 787-8 yenye viti 234. Ni karibu kilomita 11,800, saa 15 hivi angani, marubani wanne wakipokezana. Ndege hiyo bila abiria wala mafuta ina takriban tani 120. Mafuta ya safari ni kama tani 85. Abiria 234, kila mmoja akikadiriwa kilo 100 pamoja na mabegi yake, ni tani 23 na ushei. Jumla ni tani 228, na huo ndio uzito wa juu kabisa ambao aina hiyo inaruhusiwa kuruka nao popote duniani. Hapo hata katoni moja ya maua ya Naivasha haijapakiwa.

Tena hiyo ni hesabu ya uwanja wa pwani. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua uzito kwa asilimia 15 hivi. Injini hupata nguvu kidogo, na mabawa huhitaji kasi kubwa zaidi ndipo yaibebe ndege, kwa hiyo hata barabara ya kurukia yenye kilomita 4 huonekana fupi. Jua la mchana huzidisha ugumu huo. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, huokoa tani kadhaa.

Afisa wa uzito na mizani hupokea vipimo vya joto, upepo na shinikizo la hewa, kisha hupata kikomo cha safari hiyo. Kikishuka kwa tani 5, hao ni watu 50. Mafuta hayapunguzwi, maana akiba ya kufikia uwanja mbadala ni sharti la usalama. Shehena hushushwa kwanza, viti hufuata. Msafiri aliyeambiwa ndege imejaa, kisha akaona safu tupu, aliambiwa kweli: uzito ndio uliojaa.

Mbona wasichukue ndege kubwa zaidi? Kwa sababu lazima ijae. Kenya Airways ilikuwa na Boeing 777-300ER za viti vipatavyo 400, na mwaka 2016 ikazikodisha kwa Turkish Airlines. Kiti kilichoruka kitupu hakiuziki tena kesho.

Addis Ababa, kwenye mita 2,334, shida ni kubwa zaidi. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian Airlines ya kwenda Washington ilitua Dublin kuongeza mafuta, ilhali iliporudi iliruka moja kwa moja, kwa kuwa Washington iko karibu na usawa wa bahari. Suluhisho lao la Lomé, mji mkuu wa Togo, ndilo linalostahili kusomwa kwa makini. Walishirikiana na ASKY, shirika lenye makao hapo, na kuanzia 2016 ndege yao ya Newark, uwanja ulio jirani na New York, ikawa inapita Lomé. Kituo cha mafuta kikageuka soko: ASKY huwakusanya abiria wa Afrika Magharibi, Ethiopian huwavusha Atlantiki. Ruhusa ya kuuza tiketi kati ya nchi mbili za kigeni namna hiyo hujadiliwa na serikali, na bila hiyo mpango wote huanguka.

Nairobi nayo haiijazi ndege ya New York peke yake. Abiria hutoka Dar es Salaam, Entebbe, Kigali na Lubumbashi jioni, na wakifika Marekani wengine huendelea na Delta, shirika la huko. Ndege ya Entebbe ikichelewa saa mbili, viti vya New York huondoka vitupu.

Ushirikiano una ngazi. Ya chini ni kukubaliana kupokea tiketi na mabegi ya abiria wa mwenzako. Inayofuata ni kuweka namba yako ya safari kwenye ndege ya mwenzako na kuiuza kama yako. Ya juu ni kugawana mapato ya njia nzima, kama Kenya Airways na KLM ya Uholanzi walivyofanya hadi 2021. Mgogoro huanzia kwenye mgawanyo wa nauli. Ukigawanywa kwa umbali, mwenye kipande kifupi huambulia kidogo, ingawa ndiye aliyemleta abiria. Kwa sababu hiyo mashirika madogo hudai kiasi maalumu kwa kila abiria, na tunaona wana haki.

Kwenye tiketi yako, tafuta jina la shirika linaloendesha kila kipande. Namba ya safari pekee haitoshi. Ukiingia Marekani, kwa kawaida utachukua mabegi yako kwenye uwanja wa kwanza, uyapitishe forodhani na kuyakabidhi upya, hata kama yameandikwa mji wa mwisho. Acha angalau saa tatu. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Chini ya Mkataba wa Montreal, unaosimamia haki za abiria wa safari za kimataifa za ndege, barua hiyo unaweza kuipeleka kwa shirika lililokuuzia au kwa lile lililokubeba.