Dhamana sio zawadi, jamani

Juzi nimeambiwa tena, na mtu aliyesoma vizuri tu, kwamba Waingereza "walileta hela" wakatujengea Tanganyika. Mimi kazi yangu ni kusoma makadirio, yaani bajeti, ya enzi zile za ukoloni, mafaili ya majimbo, na kauli hii imenichosha, basi leo naandika.

London ilikuwa na kanuni yake, kila koloni ijitegemee. Ukiomba ruzuku, Hazina ya Uingereza inakuja kukagua matumizi yako mpaka mshahara wa karani, ndo maana magavana hawakuipenda. Hela ilitoka kwenye ushuru wa forodha na kodi ya nyumba na ya kichwa. Bwana PC, yaani mkuu wa jimbo, mwenyewe hakuwa na mfuko wa kujengea daraja kubwa, anakusanya maombi ya wilaya zake, anapeleka Dar, PWD, idara ya ujenzi ya serikali, wanapiga bei, Dar wanakata, alafu kitabu cha makadirio kinaenda London kuidhinishwa. Hiyo naipita haraka.

Panaponiuma ni hapa. Mwaka 1926 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhamini mikopo ya Afrika Mashariki, jumla pauni milioni 10, na watu wakiiona hiyo tarakimu wanashangilia, si hiyo hapo walitoa! Hawakutoa. Kudhamini ni kumwambia mwenye hela "asipolipa nitalipa mimi", basi, riba inakuwa nafuu, lakini riba yenyewe na deni lenyewe vinalipwa na koloni, yaani na yule yule mwenye nyumba ya udongo anayedaiwa kodi. Reli ilifika Mwanza 1928, enzi hizo hizo za mikopo, na deni halikulipwa na mkulima wa Yorkshire.

Msaada wa kweli ulikuwepo, sikatai. Tanganyika ilisaidiwa miaka ya mwanzo baada ya vita. Sheria ya Uingereza ya 1929 ya maendeleo ya makoloni ilitenga isiyozidi pauni milioni 1 kwa mwaka, kwa makoloni yote kwa pamoja, ya 1940 ikapandisha mpaka milioni 5, na ya 1945 ikaweka milioni 120 kwa miaka 10. Kwa hiyo anayezungumzia miaka ya hamsini ana hoja. Anayeichukua hoja hiyo akairudisha mpaka miaka ya ishirini anakosea, tena vibaya.

Alafu kuna kitu ambacho kitabu cha makadirio hakikuonyeshi kabisa. PWD waligawa kazi mafungu mawili, za kila mwaka na mpya, na watafiti wengi wanahesabu mpya tu kwa sababu ndizo zina picha. Wakati barabara ya udongo inaishi kwa matengenezo, masika moja tu imekwisha, na njia nyingi za wilayani zilifyekwa na kusawazishwa na watu walioamriwa na watemi wao, au walioshindwa kodi wakapewa sururu walipe kwa jasho.

Hapa nakiri mimi mwenyewe nasitasita. Niihesabu ile kazi kwa mshahara wa kibarua wa wakati ule? Mshahara huo ulikuwa mdogo kwa sababu kodi ilishawasukuma watu kutafuta kazi yoyote, sasa nikiutumia nakuwa nimekubali bei ya mkoloni. Nisipoutumia, siku zao zinabaki sifuri kwenye jedwali langu. Nimeshafanya jedwali hilo mara mbili, kwa njia zote mbili, na hakuna hata moja ninayoiamini.