Je, wajua kwanini kubeza kila kitu mtandaoni kunambeba dikteta?

Wengi tunadhani propaganda kazi yake ni kukufanya umpende kiongozi, lakini kwa Urusi ya Putin haihitaji hata ufike huko, inatosha uache kumuamini mtu yeyote.

Chukua ile ndege ya Malaysia, MH17, iliyotunguliwa mashariki mwa Ukraine tarehe 17 Julai 2014, wakafa watu wote 298. Vyombo vya habari vya Urusi havikukaa na jibu moja, leo wanasema imepigwa na ndege ya kivita ya Ukraine, kesho ni kombora la Ukraine, mara eti walikuwa wanailenga ndege ya Putin mwenyewe, na Novemba televisheni ikaonyesha hadi picha ya setilaiti ambayo ilikuwa feki. Stori zinapingana zenyewe kwa zenyewe! Ndo lengo lenyewe sasa, maana mtu akishasikia tano anachoka, anasema aah ukweli hatutaujua, wote waongo tu. Mahakama ya Uholanzi ikaja kuwatia hatiani watu 3 wa upande wa Urusi mwaka 2022, wa kusikiliza hukumu wakawa washachoka zamani.

Halafu kuna mzaha, na huu ndo unaniuma zaidi. Mwaka 2018 jasusi wa zamani wa Urusi na binti yake walipewa sumu Salisbury, Uingereza, watuhumiwa wawili, Warusi, wakatokea RT, televisheni ya serikali ya Urusi, wakasema walienda kutalii, kuona kanisa lenye mnara wa mita 123. Ikawa kichekesho cha mtandao mzima, Krismasi RT wenyewe wakagawa makanisa ya chokoleti. Wakati huo kuna mama wa watoto watatu, hana habari na ujasusi wowote, alishakufa kwa sumu ileile iliyoachwa kwenye chupa ya pafyumu.

Utani haujibiki, ukileta ushahidi unaambiwa mbona unapanic, tunacheka tu. Na anayebeza anajiona mjanja asiyedanganyika, kumbe ndo raia mzuri kabisa kwa dikteta, kwa sababu kama wote ni wezi basi bora huyu tuliyemzoea, na anayeandamana lazima kalipwa na Wamarekani. Navalny, mpinzani mkubwa wa Putin, alisemwa hivyohivyo miaka na miaka. Alivyofia gerezani Februari 2024, maelfu walipanga foleni Moscow na maua mkononi, polisi wamejaa kila kona, na hakuna aliyewalipa.