Saa za Dereva Zikiisha Treni Ikiwa Porini

Katika mkutano wa elimu kwa umma tuliofanya wilayani Bahi, mama mmoja anayeuza karanga stesheni alisimama akauliza swali ambalo hatukulitarajia. Sisi tulikuwa tumejiandaa kueleza likizo ya uzazi na haki za vibarua. Yeye akasema: "Basi la kwenda Mwanza lina madereva wawili, mmoja akichoka mwenzake anashika usukani. Wa treni je? Akichoka kule juu Saranda usiku, nani anampokea? Kule hata taa hakuna."

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika, na majibu yake hayapatikani yote ndani ya sheria. Sehemu kubwa imo, au inapaswa kuwamo, katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Kwa watu wa reli chama kinachofahamika ni TRAWU. Nitaanza na sheria, kwa sababu mkataba wowote husimama juu yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano tu, zisipite 50 katika mzunguko wa majuma manne, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Baada ya kazi mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurudi tena, na kila juma apate saa 24 mfululizo. Juu ya yote hayo, mwajiri haruhusiwi kumtaka wala kumruhusu mfanyakazi afanye kazi zaidi ya saa 12 katika siku moja.

Wala kumruhusu. Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Dereva akijitolea mwenyewe, akasema "mimi bado nina nguvu, niache nifike Dodoma," hiari yake haiondoi katazo. Sheria haikumwachia mtu aliyechoka apime uchovu wake mwenyewe, na ilifanya vema. Watafiti waliopima jambo hili mwaka 1997 walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mlevi husema hajalewa. Aliyechoka naye hivyohivyo, hasa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, wakati mwili wenyewe unadai kulala hata kama mtu alilala mchana.

Tatizo ni kwamba sheria hii iliandikwa kwa kazi zote. Saa zikiisha kiwandani, mashine huzimwa. Dukani, mlango hufungwa. Treni ya mizigo iliyosimama kati ya Kidete na Godegode haifungiki kama duka. Imeziba njia, kuna treni nyingine nyuma yake, na watumishi wake wako mbali na barabara. Sheria imesema wasiendelee. Haijasema nani aje, aje na nini, aitwe saa ngapi, wala wale waliokwisha saa zao wakae wapi wakimsubiri. Nafasi hiyo hujazwa na mkataba wa hali bora, na pasipo kifungu kilichoandikwa wazi, hujazwa na simu za usiku, kubembelezana na vitisho.

Chukua mfano huu, nimeutunga, ila bonde lake si la kutunga. Dereva na mwenzake wameripoti kazini saa kumi na moja jioni, waipeleke treni ya mizigo Dodoma. Muda wao wa saa 12 utakwisha saa kumi na moja alfajiri. Kila anayeijua reli ya kati anajua kipande cha Kilosa hadi Gulwe: mto Mkondoa unaandamana na reli, na masika yakikolea maji hula tuta. Saa nne usiku wanaambiwa wasimame, mafundi wanakagua njia mbele. Wanakaa saa nne. Inapofika saa nane usiku, mwongoza treni aliyeko kwenye chumba cha udhibiti tayari anaweza kupiga hesabu kwa kidole: hata njia ikifunguliwa sasa hivi, hawa hawatafika Dodoma ndani ya muda. Swali la msingi ni hili: anatakiwa aite wapokezi, yaani watumishi wa kuwapokea hawa treni, saa nane hiyo, au asubiri mpaka saa kumi na moja dereva apige simu kwamba saa zimekwisha?

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kifungu chenye thamani kuliko vyote katika makubaliano ya aina hii, na ndicho kinachosahaulika mara nyingi. Watu hubishana kiwango cha posho hadi usiku wa manane, halafu saa ya kuita wapokezi inaachwa "kwa busara ya msimamizi". Mkataba mzuri huandika kwamba pindi inapoonekana treni haitafika, msimamizi ataita wapokezi mapema kiasi cha kuwafikisha pale ilipo treni kabla ya muda wa waliopo kwisha. Hutaja pia orodha inayotumika: watu wa akiba waliopangwa zamu ya kusubiri, waitwe kwa mpangilio, si yule tu aliye karibu na simu. Aliyemaliza safari yake jana usiku asirudishwe barabarani kabla ya mapumziko yake kutimia, kwa sababu tutakuwa tumemtoa aliyechoka tukampandisha aliyechoka.

Marekani, ambako treni za mizigo husafiri masafa marefu sana, suala hili limewasumbua kwa zaidi ya karne. Mwaka 1907 Bunge lao liliweka kikomo cha saa 16 kwa watumishi wa treni. Kikapunguzwa hadi 14, kisha 12, na sheria ya mwaka 2008 ikaongeza mapumziko yawe saa 10 zisizoingiliwa, pamoja na kikomo cha saa 276 kwa mwezi. Lakini ilibaki hali moja ngumu. Saa 12 zikiisha, wafanyakazi wanakaa ndani ya kichwa cha treni wakisubiri gari la kuwachukua, pengine muda mrefu, kisha wanasafirishwa hadi kituo chao. Huo si muda wa kazi, kwa maana hawaruhusiwi kugusa chochote. Si mapumziko pia, kwa maana hawajafika kitandani. Sheria yao inaitambua hali hiyo ya katikati, na tangu mageuzi ya mwaka 2008 imewekewa kikomo, ambacho kwa sasa ni saa 30 kwa mwezi kwa mfanyakazi mmoja.

Mikataba ya vyama vya wafanyakazi vya huko ndiyo inayojibu kilichobaki. Huamua kwamba malipo yanaendelea mpaka mtu aachiwe rasmi kituoni. Huamua iwapo wafanyakazi wa yadi, yaani eneo la stesheni ambako mabehewa hupangwa, wanaweza kutumwa kuipokea treni iliyo nje ya yadi, na kwa umbali gani. Jambo hili huonekana dogo mpaka mtu wa yadi atumwe kuendesha kwenye mteremko asioujua. Dereva wa treni lazima aijue njia: wapi pa kuanza kushika breki, daraja lipi lina katazo la mwendo. Mpokezi asiyeijua njia ya kupanda Saranda kutoka bondeni hajawa mpokezi bado.

Tukirudi kwetu, kipindi hicho cha katikati kinapaswa kuandikwa kwa maneno yasiyo na mzunguko. Muda wa kusubiri na kusafirishwa kurudi ulipwe, na saa 12 za mapumziko zianze kuhesabiwa mtu anapoachiwa kituoni, si anapozima injini. Nimewahi kuona kitabu cha zamu ambamo mtu alihesabiwa anapumzika wakati bado yuko juu ya kiberenge gizani, amejifunika koti la mvua. Karatasi ilikuwa safi kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo kwa watu wa Dodoma halihitaji maelezo marefu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyoshindwa kushika breki ilirudi nyuma mlimani eneo la Igandu, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Ajali ile haikutokana na saa za kazi, wala siielezi hapa kwa sababu hiyo. Naieleza kwa kuwa inakumbusha kwamba treni iliyosimama mlimani ina uzito unaoivuta chini muda wote, na breki za hewa peke yake haziaminiki kwa usiku mzima.

Kanada walijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2013. Dereva aliyekuwa peke yake alimaliza zamu usiku wa tarehe 5 Julai, akaegesha treni ya mabehewa 72 ya mafuta ghafi kwenye mteremko karibu na mji wa Lac-Mégantic, akakaza breki za mkono 7, akaenda kulala hotelini. Mwenzake angeipokea asubuhi. Injini ikashika moto, wazimamoto wakaizima, na hewa ya breki ikavuja taratibu. Breki za mkono hazikutosha. Treni ilishuka mjini bila mtu ndani yake na kuua watu 47. Makabidhiano yale yalipangwa kwa namna ambayo kwa saa kadhaa treni haikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo kifungu cha kupokezana kinapaswa kueleza ni nani mwenye treni katika kila dakika. Wapokezi wamefika: makabidhiano yafanyike ana kwa ana, uso kwa uso, wakielezana hali ya breki, mabehewa yenye hitilafu, maagizo ya njia na maelekezo ya mwisho kutoka udhibiti, kisha watie saini na saa. Wapokezi hawajafika: treni ifungwe kwa breki za mkono na kujaribiwa, na kazi hiyo ifanyike kabla saa hazijaisha, maana kuzungusha gurudumu la breki behewa baada ya behewa nayo ni kazi. Na kama wale wale waliokwisha saa wanaambiwa wakae kulinda treni isiibiwe mafuta au vyuma, basi bado wako kazini. Marekani wanalihesabu hivyo hivyo. Mlinzi hapumziki.

Swali linalofuata kila mara ni kuhusu dharura. Ni kweli, sheria yetu inalegeza baadhi ya mipaka kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanyika katika saa za kawaida. Mwajiri anaweza kusema mafuriko ni dharura. Mara nyingine ni kweli kabisa. Lakini mvua inayojulikana itanyesha kila masika, kwenye bonde linalojulikana litajaa, mimi siwezi kuiita dharura kwa moyo mweupe. Hiyo ni ratiba. Mkataba unaweza kutaja vituo ambako wapokezi watawekwa tayari miezi ya mvua, na ugomvi mwingi utakwisha kabla haujaanza.

Wanaodhani mkataba wa kazi hauna uzito mbele ya sheria watazame Ulaya. Mwaka 2004 waajiri wa reli na vyama vya wafanyakazi walisaini makubaliano kuhusu watumishi wa treni zinazovuka mipaka ya nchi: kuendesha kusizidi saa 9 mchana na 8 usiku, mapumziko yasipungue saa 12 mtu akiwa nyumbani, na 8 akiwa ugenini. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya uliyageuza kuwa agizo linalozifunga nchi wanachama. Hapa kwetu pia, makubaliano ya pamoja yaliyoandikwa na kusainiwa yanawafunga waajiri na wafanyakazi tangu saini ya mwisho, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Pale chama kinapotambuliwa kuwa ndicho chenye wafanyakazi wengi, makubaliano humhusu hata yule asiye mwanachama.

Kuhusu treni ya umeme, wengi huniambia tatizo hili limepitwa na wakati, kwa sababu treni ya haraka hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa chini ya saa nne. Safari imefupika, ni kweli. Zamu si safari moja, lakini. Kuna kuripoti, kukagua, kwenda, kugeuza, kurudi, na njia ya kutoka nyumbani alfajiri. Tena uchovu hauko kwa dereva peke yake. Ajali ya Clapham jijini London mwaka 1988, iliyoua watu 35, ilitokana na waya wa ishara ulioachwa vibaya na fundi ambaye katika majuma 13 alikuwa amepata siku moja tu ya kupumzika.

Mfanyakazi akiona kifungu cha kupokezana hakifuatwi, aanze kwa mwakilishi wa chama tawini, akiwa na kumbukumbu: saa aliyoripoti, saa aliyoarifu udhibiti, saa wapokezi walipofika, saa aliyoachiwa. Aandike papo hapo kwa kalamu, asitegemee kukumbuka mwezi ujao. Mgogoro wa tafsiri au utekelezaji wa mkataba wa hali bora, kama wenyewe hawakukubaliana njia nyingine, huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa usuluhishi. Usiposuluhishwa, upande wowote unaweza kuupeleka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Mama wa Bahi nilikutana naye tena stesheni. Nilimweleza haya kwa ufupi, akiwa anafunga karanga kwenye vikaratasi. Akauliza kama abiria akiona dereva mmoja anashuka na mwingine anapanda njiani, na treni inachelewa nusu saa, aanze kulalamika. Nikamwambia hapana, mama, hiyo nusu saa ndiyo wanayokabidhiana breki.