Je, wajua kwa nini mtoto aliyepata nafuu bila maziwa hurudishiwa maziwa?

Mtoto anasumbuliwa na tumbo, au ngozi inamwasha usiku kucha, au choo ni kigumu hadi analia kila akienda msalani. Mtu anashauri: hebu mwachishe maziwa ya ng'ombe kwanza. Wiki tatu baadaye mtoto analala, ngozi imetulia, na nyumba nzima inashusha pumzi. Halafu daktari anatamka jambo linalowaudhi wazazi wengi: sasa mpe maziwa tena.

Si ukaidi wa daktari. Kuondoa maziwa ni nusu ya kipimo, tena ile nusu dhaifu. Shida nyingi za utotoni zinazosingiziwa maziwa huja na kwenda zenyewe. Kilio cha jioni cha kichanga huzidi hadi karibu wiki ya 6, kisha hupungua na kwa kawaida huisha akifikisha miezi 3 au 4, hata asipofanyiwa lolote. Kucheua hupungua kadiri mtoto anavyokua. Ukurutu huwaka, ukatulia, ukawaka tena. Na sisi wazazi huchukua hatua siku ambayo hali imetuchosha kabisa, yaani ilipofika kilele, kwa hiyo lolote tutakalofanya siku hiyo lina nafasi kubwa ya kufuatwa na nafuu. Isitoshe, anayeondoa maziwa huondoa na keki, biskuti, aiskrimu na chokoleti, na pengine wiki hiyohiyo amebadilisha mafuta ya kumpaka. Sifa apewe nani?

Maziwa yakirudi na shida ikarudi nayo, hapo kuna jambo. Yakirudi na mtoto akaendelea kucheza, maziwa yalisingiziwa.

Mfano mzuri ni utafiti wa madaktari wa Palermo, Italia, uliochapishwa mwaka 1998. Walichukua watoto 65 wa umri wa miezi 11 hadi 72 waliokuwa na tatizo sugu la kufunga choo, ambao dawa za kulainisha choo zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Kila mtoto alipewa maziwa ya ng'ombe kwa siku 15 na maziwa ya soya kwa siku 15, bila familia wala madaktari kujua zamu ipi ni ipi. Watoto 44 walipata nafuu wakati wa soya. Wakati wa maziwa ya ng'ombe hakupata hata mmoja. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hawakuishia hapo. Wale 44 walirudishiwa maziwa ya ng'ombe, bado kwa kificho, na tatizo likarudi. Huo ndio ushahidi. Lakini tusiubebeshe mzigo usio wake: hao walikuwa watoto waliopelekwa kwa wataalamu baada ya dawa kushindwa, si kila mtoto aliyekaa siku mbili bila choo. Tena mtoto anayekunywa maziwa mengi mno, zaidi ya nusu lita kwa siku, anaweza kufunga choo na kupungukiwa damu kwa sababu tu maziwa yamemjaza akakataa chakula. Huyo anahitaji kupunguziwa, si kunyimwa.

Kabla ya kuondoa chochote, ni vizuri kujua unamshuku nani ndani ya kikombe, maana watuhumiwa ni wawili. Wa kwanza ni laktosi, sukari ya maziwa. Ili iingie mwilini lazima ikatwe na kimeng'enya kinachoitwa laktesi kwenye utumbo mwembamba. Kisipotosha, sukari hiyo inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaichachusha: tumbo linajaa gesi, linanguruma, mtoto anaharisha. Watu wazima wengi duniani wana kimeng'enya kidogo, lakini kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hali hiyo kwa kawaida hufuata ugonjwa wa kuharisha uliochubua ukuta wa utumbo, na hupita ndani ya wiki chache.

Mtuhumiwa wa pili ni protini: kaseini, pamoja na zile zilizo kwenye majimaji yanayobaki maziwa yakiganda. Hapa kinga ya mwili ndiyo inayokosea na kuziona kama adui. Huu ndio mzio wa maziwa, na makadirio mengi yanasema unawapata watoto kati ya 1 na 3 kwa kila 100 katika mwaka wa kwanza. Una sura mbili. Upo wa haraka, unaojitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2: vipele vinavyovimba na kuwasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kifua kubana. Na upo wa polepole, unaochukua saa kadhaa au hata siku: ukurutu, kuharisha, damu au kamasi kwenye choo, tumbo kusokota. Ni huu wa polepole unaowachanganya watu, kwa sababu alichokula Jumatatu kinaonekana kwenye nepi Jumatano. Vipimo vya damu na vya ngozi husaidia kwenye ule wa haraka. Kwenye huu wa polepole havioni kitu. Ndiyo maana majaribio ya chakula bado yana kazi. Kuna vipimo vinavyouzwa vya kupima kingamwili (chembe za kinga zilizo kwenye damu) za aina ya IgG kwa vyakula kadhaa kwa mkupuo; kingamwili hizo huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula chakula hicho. Mimi nisingetoa hata senti.

Tofauti ya watuhumiwa hawa inabadilisha kila kitu. Maziwa yasiyo na laktosi bado yamejaa protini, kwa hiyo hayamfai mwenye mzio. Maziwa ya mbuzi pia hayamfai: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika nayo pia. Kuchemsha hakusaidii, kwani kaseini inavumilia moto.

Jaribio lenyewe huchukua wiki 2 hadi 4. Siku tatu hazitoshi, na miezi sita bila mpango ni hatari. Ndani ya muda huo maziwa yanatoka yote: mtindi, jibini, siagi, samli, na yale yaliyojificha. Geuza pakiti usome yale maandishi madogo. Utakuta unga wa maziwa kwenye mkate, kwenye soseji, kwenye supu ya unga, hata kwenye baadhi ya majarini. Anayenyonyesha huacha yeye mwenyewe na kuendelea kunyonyesha, maana chembe za protini hupita kwenye maziwa ya mama. Anayetumia maziwa ya kopo huandikiwa yale maalumu ambayo protini zake zimekatwa vipande vidogo. Andika kila siku, kwa ufupi lakini kwa kitu kinachohesabika: "aliamka mara 4, choo 1 kigumu, alikuna magoti" inasaidia kuliko "leo afadhali". Usibadilishe dawa wala sabuni katika wiki hizo.

Pengo la maziwa lazima lizibwe, na hapa ndipo nia njema huumiza watoto. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti mtoto wa miezi 22 aliyepata kwashiakoo, akiwa na wazazi wanaojiweza, kwa sababu maziwa yake yalikuwa yamebadilishwa na kinywaji cha mchele chenye protini kidogo sana. Kikombe cha maziwa kina takriban miligramu 300 za kalisi, madini yanayojenga mifupa, na mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji kama 700 kwa siku. Kinywaji cha mimea kisiwe kinywaji kikuu cha mtoto wa chini ya mwaka 1. Kwa mkubwa, chagua kilichoongezewa kalisi, ukitikise vizuri, kwani kalisi hutuama chini. Mtaalamu wa lishe akihusishwa tangu mwanzo, makosa haya hayatokei.

Sasa kurudisha. Mtoto aliyewahi kuvimba, kukosa pumzi, au kutapika mfululizo hadi akalegea na kupauka harudishiwi nyumbani hata kidogo. Hiyo ni kazi ya hospitali yenye dawa na watu tayari. Tahadhari hiyo inawahusu pia wenye ukurutu mkali au waliokaa muda mrefu bila maziwa, kwa kuwa imeonekana mara nyingine mwili uliozoea kukaa bila maziwa hupokea marudio yake kwa mzio wa haraka ambao haukuwapo. Ni sababu nyingine ya kutorefusha jaribio bila shauri.

Kwa mwenye dalili nyepesi za polepole, daktari akikubali, maziwa hurudishwa kidogo na kuongezwa kwa siku kadhaa, huku daftari likiendelea. Dalili zikirudi, unaacha, na zikitoweka tena, mzio umethibitika. Mtoto huyo hukaa bila maziwa angalau miezi 6, au hadi afikishe miezi 9 hadi 12, kisha hujaribiwa upya, kwa kuwa wengi huupita mzio huu wakiwa bado wadogo. Safari hii huanza na maziwa yaliyookwa ndani ya biskuti, kwa sababu moto mkali na unga wa ngano hubadilisha sehemu ya protini, na watoto wengi wenye mzio huyavumilia hivyo. Kisha keki laini, chapati za maji, jibini, mtindi, na mwisho maziwa yenyewe kikombeni. Anayekwama kwenye hatua fulani hurudi kwenye ile iliyomkubali, hukaa hapo kwa muda, kisha hujaribu tena.